Si Mchepuko, Ni Vidonge

Mh! Jana hapa kijiweni nilisonya mpaka muuza kahawa akageuka. Stori ilikuwa ya yule kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu. Watu wameshamhukumu: kapata mchepuko, ndiyo maana mkewe hamtazami tena. Mwingine akadakia, karogwa. Jamani! Mimi naishi naye ukuta kwa ukuta. Nilichokiona mimi ni tramadoli, dawa ya maumivu.

Alipotoka hospitali alipewa vidonge vya miligramu 50, na maumivu yalikuwepo kweli, mguu umewekwa vyuma. Aliyempa alimwambia "kimoja kutwa mara mbili", basi. Vilipokwisha akaenda duka la dawa, akauziwa bila cheti. Kisha tena. Na tena. Tramadoli ni ukoo mmoja na mofini, ingawa nguvu yake ni ndogo. Inatuliza maumivu ya mguu, lakini kwa wengine inafifisha na furaha, na huruma, na ile hamu ya kukaa na watu.

Jioni moja nilikuwa barazani kwao. Binti yake wa darasa la pili akaja na daftari, kapata 19 kati ya 20. Baba akalitazama kama anayesoma risiti ya luku, akalirudisha, akafumba macho. Mtoto akabaki amesimama. Mama yake akaligeukia jiko la mkaa akaanza kupepea, na moto ulikuwa umeshakolea zamani.

Wiki iliyofuata vidonge vikaisha, arosto ikamshika. Jasho, miayo, usiku halali. Chumvi ikazidi kidogo kwenye mchuzi, sufuria likapaa. Tramadoli inagusa pia kemikali za ubongo zinazohusika na utulivu wa moyo. Ikikatika ghafla, wasiwasi na hasira hufumuka kwa pamoja. Simtetei. Mwanamke akiona usalama wake uko hatarini aondoke kwanza, habari za dawa zitafuata. Lakini ugonjwa tuuite kwa jina lake.

Na la chumbani tuliseme, maana ndilo linalozaa hayo maneno ya mchepuko. Dawa za ukoo huu zikitumiwa muda mrefu huweza kushusha homoni ya kiume, hamu ikapotea. Mke ambaye hakuambiwa atafikiri nini? Halafu kuna vijana wanaomeza tramadoli makusudi ili wachelewe kumaliza. Wadogo zangu, dawa hiyohiyo ndiyo inayoweza kuwanyima hamu, na ukizidisha inaweza kukuangusha kwa degedege.

Shemeji zangu, mkiona mtu wenu amebadilika tangu aanze dawa za maumivu, kagueni pakiti kabla ya kukagua simu. Msizinyakue hizo dawa mkazitupa chooni. Kuacha ghafla baada ya muda mrefu kunatesa mwili na kuchafua roho. Mrudisheni kwa daktari na hiyo pakiti, apunguziwe kidogokidogo. Na nyie wenye maduka ya dawa, mnaowauzia watoto wa watu bila cheti, mnajua mnachokifanya.

Mkewe alikwenda naye kliniki Jumanne iliyopita, pakiti tupu kwenye mkoba. Wamepangiwa kurudi baada ya wiki mbili, na siku hiyo nitawasindikiza.