Feni Mvivu: Kuchagua Kipozaji cha Prosesa Kisichopiga Kelele

Prosesa ya kompyuta ya mezani hugeuza karibu umeme wote inaoutumia kuwa joto. Ile iliyoandikwa wati 65, ambayo ndiyo ya kawaida maofisini, hulitoa joto hilo kupitia kipande cha silikoni kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Nyingine hazijui kiasi. Core i9-13900K ya Intel, iliyotoka mwaka 2022, imeandikwa wati 125, lakini kazi ikiikolea huruhusiwa kufika wati 253. Joto lisipoondolewa, prosesa ya kisasa haiungui kama wengi wanavyohofu. Ikikaribia nyuzi 95 au 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi yenyewe, na hali ikizidi hujizima, kwa kawaida katikati ya ripoti ambayo haijahifadhiwa.

Kazi ya kipozaji ni kulihamisha joto hilo. Kitako cha shaba hukaa juu ya prosesa, mabomba hulipandisha joto hadi kwenye mapezi ya alumini, na feni hupitisha hewa katikati ya mapezi. Ndani ya mabomba kuna maji kidogo sana, yaliyofungiwa bila hewa. Upande wa moto maji hugeuka mvuke, mvuke hukimbilia upande wa baridi, hugeuka tena maji na kurudi kupitia utambi wa shaba uliotandazwa ukutani mwa bomba. Safari hiyo yote haina sauti. Anayepiga kelele ni feni peke yake, kwa hiyo kuchagua kipozaji kimya ni kuitafutia feni sababu ya kutojitesa.

Sababu yenyewe imo katika hesabu. Feni ikipunguzwa mizunguko kwa nusu, hewa inayosukumwa nayo hupungua nusu. Sauti haifuati mwendo huo. Kwa kanuni wanayoitumia wahandisi wa feni, kasi ikishuka nusu sauti hushuka kwa desibeli 15 hivi, na sikio la binadamu huona desibeli 10 zikipungua kuwa kelele imekatika nusu. Feni iliyoshushwa kutoka mizunguko 1,500 kwa dakika hadi 750 husikika basi kwa kiasi cha theluthi moja tu ya ilivyokuwa. Lakini ili izunguke kwa madaha hayo na prosesa isichemke, mapezi lazima yawe mengi kuliko kazi inavyodai. Kipozaji kimya ni mpishi wa pilau la harusi aliyeajiriwa kuchemsha yai. Anayenunua kinachotosha barabara, cha wati 65 kwa prosesa ya wati 65, amenunua feni itakayokimbia maisha yake yote.

Kipozaji kinachokuja bure ndani ya boksi la prosesa ni cha aina hiyo: feni ndogo, mapezi mafupi, nia njema. Kinamfaa mtu anayesoma barua pepe. Siku anapofungua jedwali la mishahara huku mkutano wa video ukiendelea, kinaanza kuvuma, na mwenzake wa upande wa pili anauliza kwa adabu kama bado yuko kwenye basi. Nyumbani maswali hayana adabu hiyo.

"Mwanangu, hilo dude lako linasaga nini?" mama huuliza kutoka jikoni.

"Halisagi kitu, mama. Linajipoza."

"Kama huko ndiko kujipoza, likianza kazi tutahama."

Dukani mnunuzi hukutana na tarakimu mbili zilizochapishwa kwenye boksi, na zote mbili ni za kusomwa kwa tahadhari. Ya kwanza ni desibeli. Mara nyingi feni ilipimwa ikiwa peke yake, hewani, bila mapezi mbele yake wala kasha kuizunguka. Ikishafungwa kwenye mapezi, hewa hukatwakatwa na sauti hupanda. Tena desibeli hazijumlishwi kwa hesabu za sokoni: feni mbili za desibeli 25 kila moja hazitoi 50, hutoa 28. Ndiyo maana kipozaji chenye feni mbili hakistahili kuogopwa, mradi kila moja izunguke polepole zaidi kuliko ambavyo ingezunguka ikiwa peke yake. Tarakimu ya pili ni wati ambazo kipozaji kinadai kuzimudu. Hakuna kipimo kimoja kinachovifunga viwanda vyote katika hili, hivyo kila kiwanda hujisifu kwa kadiri ya moyo wake. Busara ni kuziona wati hizo kuwa ahadi ya mgombea, na kuchukua kipozaji kinachodai walau mara mbili ya kinachohitajika.

Kuna jambo moja ambalo boksi halilitaji kabisa, nalo ni joto la chumba. Kipozaji cha hewa hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa kinayoivuta, na kila nyuzi inayoongezeka chumbani huongezeka pia kwenye prosesa. Majaribio mengi yanayosifiwa hufanyiwa nchi za baridi, katika vyumba vya nyuzi 20 na kidogo. Dar es Salaam, mwezi Februari, chumba kisicho na kiyoyozi hufika nyuzi 32 bila kuombwa. Prosesa iliyotulia kwenye nyuzi 70 huko, hapa ni 80, na feni hulijua hilo kabla ya mwenye kompyuta. Nairobi kuna nafuu ya baridi, ingawa kwenye mwinuko wa mita 1,795 hivi hewa yenyewe ni nyepesi na kila mzunguko wa feni hubeba pungufu. Vipozaji huuzwa kwa bei ileile kote kote, hakuna punguzo la huruma kwa watu wa pwani.

Kwa kuwa ukimya hutokana na ukubwa, ajali za kwanza huwa za rula. NH-D15 ya kampuni ya Noctua ya Austria, iliyotoka mwaka 2014 na kuwa kigezo cha wengine kwa miaka mingi, ina kimo cha milimita 165 na uzito wa gramu 1,320 pamoja na feni zake mbili. Makasha mengi ya bei ya kawaida huishia milimita 155 au 160. Asiyepima mapema huigundua tofauti hiyo saa nne usiku, skurubu zote zikiwa zimekazwa, pale kifuniko cha ubavuni kinapokataa kufunga. Kinachofuata kinajulikana. Kifuniko huegemezwa ukutani "kwa muda", muda huo hutimiza mwaka, kelele iliyogharimiwa izibwe hutoka yote nje, na paka wa nyumba hupata mahali penye joto pa kulala.

Wengine hukwama kwenye RAM. Vijiti vyenye mapambo marefu ya taa husimama palepale ambapo feni ya mbele inataka kukaa. Feni hupandishwa juu kidogo iwapishe, kimo cha kipozaji huongezeka, na mambo hurudi kwenye kifuniko kilichoegemezwa ukutani. Kwa watu wengi jibu ni kipozaji cha kimo cha milimita 155 hivi, chenye mabomba sita na feni mbili za milimita 120, mfano wa Peerless Assassin 120 SE ya Thermalright, ambacho huuzwa kwa chini ya nusu ya bei ya kile cha Austria na hukikaribia kwa kazi. Fahari ya gramu 1,320 waachiwe wenye prosesa za wati 200 na zaidi. Feni za milimita 80 au 92 zikwepwe kasha likiruhusu, kwa sababu lazima zikimbie zaidi kusukuma hewa ileile.

Feni yenyewe hutambulika kwa beringi. Ya bushi ni kimya ikiwa mpya, kisha mafuta hukauka na huanza kukwaruza, hasa panapo joto. Ya gololi hudumu sana lakini huwa na mtetemo mdogo tangu siku ya kwanza. Inayoelea kwenye mafuta yaliyofungiwa ni ghali kidogo na ndiyo ya kununua. Kusikiliza feni dukani Kariakoo ili kuthibitisha yote haya ni kazi bure. Hata feni ya ndege isingesikika. Kilicho rahisi kukagua kwa macho ni plagi. Yenye matundu manne hupokea amri za kasi moja kwa moja kutoka kwenye mazabodi. Ya matundu matatu hutii kwa kupunguziwa volti tu, kama mazabodi inalijua hilo. Yenye waya mbili zinazokwenda moja kwa moja kwenye pawa saplai haimtii mtu yeyote.

Amri hizo ndizo kiini cha malalamiko mengi, na hazigharimu hata shilingi. Prosesa ya leo inaweza kupanda nyuzi 20 kwa sekunde moja kwa sababu tu mtu amefungua ukurasa wenye picha, kisha ikashuka kabla picha hazijaisha kupakuliwa. BIOS, programu ya msingi ya mazabodi, kama ilivyotoka kiwandani huchukulia kila mruko kuwa dharura: feni hupaa, hushuka, hupaa tena, mchana kutwa. Sikio husamehe mvumo usiobadilika na baada ya robo saa huusahau. Mvumo unaopanda na kushuka hauzoeleki hata kwa mwaka. Dawa ni kuingia BIOS na kuilaza ngazi ya kasi, feni ibaki kwenye mizunguko ileile ya chini mpaka prosesa ivuke nyuzi 65 au 70, kisha kuweka kuchelewa kwa sekunde chache kabla feni haijaitikia. Mwenye kompyuta asiyeijua dawa hii hununua kipozaji kingine, cha bei zaidi, ambacho nacho hupaa na kushuka, ila kwa sauti nzito yenye heshima.

Vipozaji vya maji huuzwa kwa ahadi ya ukimya. Ukweli ni kwamba joto bado huishia kwenye mapezi na feni, mbili au tatu safari hii, na juu yake huongezwa pampu isiyopumzika. Pampu ikifungwa mahali pa juu kuliko pote katika mzunguko, mapovu ya hewa huikusanyikia na kompyuta hububujika. Kwa wati 250 vina maana. Kwa wati 65 ni kulipia chanzo cha pili cha kelele, chenye maji, kilichowekwa juu ya umeme.

Wenye kompyuta za mtumba zilizostaafu maofisi ya ng'ambo wana mtihani wao. Nyingi zina plagi ya feni isiyolingana na ya mtu yeyote, na matundu ya skurubu yaliyochorwa na mhandisi asiyependa majirani. Baadhi, zikikosa feni yake ya asili, hugoma kuwaka mpaka kitufe kibonyezwe kila asubuhi kukiri kosa. Kabla ya kununua chochote, kipozaji cha zamani kifunguliwe, kisafishwe, na pesti iliyokauka kati yake na prosesa ibadilishwe. Mara nyingi ukimya uliokuwa ukitafutwa umo chini ya vumbi la miaka mitano.

Kufunga ndiko kwenye ajali nyingi kuliko kuchagua. Soketi hulinganishwa kwanza: LGA 1700 ya Intel, ya mwaka 2021, ilisogeza matundu kutoka milimita 75 hadi 78, hivyo fremu ya zamani hukaribia kuingia, na wanaosukuma kwa nguvu huishia kununua mazabodi. Upande wa AMD, vipozaji vingi vya AM4 vinaingia AM5. Kisha kuna karatasi ya plastiki iliyobandikwa chini ya kitako, yenye maandishi yanayosema iondolewe. Karatasi hiyo imefungwa pamoja na kipozaji na mafundi wenye vyeti, na dalili yake haibadiliki: nyuzi 90 na kitu kabla hata Windows haijafunguka. Pesti hutiwa ukubwa wa punje moja ya mbaazi, wala haipakwi kwa moyo wa siagi. Vipozaji vyenye miguu minne ya plastiki ya kubonyeza huingia miguu mitatu. Wa nne ukiingia, wa kwanza hutoka. Feni mbili zielekezwe kupuliza upande mmoja, nyuma ya kasha, kwani zikitazamana hushindana usiku kucha na hakuna mshindi. Waya ifungwe mbali na mapanga. Na anayeking'oa kipozaji cha zamani kwenye AM4 aiwashe kwanza kompyuta dakika chache pesti ilainike, aizime, kisha akizungushe kidogo ndipo akiinue. Akikivuta moja kwa moja, prosesa hutoka nacho, miguu yake imepinda, na mwenye mali amesimama pembeni akiuliza kama ndivyo inavyotakiwa.

Yote yakienda sawa, kelele ya prosesa hutoweka na zile zilizokuwa zimefichwa nyuma yake hujitokeza kwa zamu: pawa saplai, kadi ya picha, diski inayokwaruza, baadaye koili ndogo za mazabodi zinazolia kwa sauti nyembamba kila kipanya kinaposogezwa. Hapo ndipo wengi husikia kwa mara ya kwanza kwamba pangaboi la chumbani limekuwa likilia miaka yote. Hilo halina BIOS. Huhitaji ngazi na mafuta.

Kinachobaki ni vumbi. Mapezi hupulizwa kwa blowa kila baada ya miezi michache, mara nyingi zaidi Dodoma kuliko Tanga, kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Feni ishikwe kwa kidole wakati wa kupuliza, maana upepo wa blowa huikimbiza kupita kasi iliyoundiwa na kuiharibu beringi. Kisha kifuniko hurudishwa, kwa wale ambao chao kinafunga.