Vikapu vya Makinda

Husimuliwa kwamba kaskazini ya ziwa ambalo asimamaye ufukweni haoni ng'ambo yake, pale mto mrefu unapoianza safari yake ya kwenda jangwani, palikuwa na dola ya ndege iliyotoka katika vita vya miaka mingi, ghala lake likiwa limeungua na viota vyake vimebomoka. Mfalme Tai alipokwisha kulijaza ghala upya, alipiga mbiu ya mgambo iliyofika kila bonde: kila kinda aliyeandikwa shule atengewe fungu lake la mtama, na fungu hilo limfikie mwalimu wake bila kupungua punje. Raia walipiga vigelegele, wakarudi viotani, na hakuna aliyeuliza fungu la kinda mmoja ni kiasi gani.

Hapo ndipo Kunguru walipopata upenyo. Wao ndio waliokuwa wakuu wa mabonde, na vikapu vyote vilipita kwao kabla ya kufika shuleni. Kikapu cha kwanza kilizuiwa kwa posho ya safari. Cha pili kiliwakirimu wageni waliokuja kukagua cha kwanza. Cha tatu kilimsaidia Kunguru aliyekuwa akigombea cheo. Na cha nne kilikwenda kumfariji Kunguru aliyekikosa cheo hicho. Haba na haba, vibaba vyao vikajaa. Wala hawakujiona wezi, kwani kila mmoja alikuwa na methali ya kumtuliza moyo: mpokeaji alisema mkono mtupu haulambwi, na mtoaji akasema penye udhia penyeza rupia.

Katika daftari la ghala mambo yote yalikuwa shwari. Mtunza ghala aliandika vikapu vilivyotoka, mfalme akasoma, akaridhika. Lakini hapakuwa na mahali palipoandikwa vikapu vilivyofika. Wazazi nao, walipoona makinda wao wanarudi na njaa, walidhani ghala limekauka, wakachanga mtama wao wenyewe mwezi baada ya mwezi, hata ikawa shule za mfalme zinaendeshwa kwa jasho la njiwa na chiriku. Na sikukuu zilipofika walimpelekea Kunguru shukrani, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiwaletea hicho kidogo.

Miaka ilipopita na makinda wakazidi kudhoofu, Tai aliita baraza. Mshauri wa kwanza akasema mtama uongezwe; ukaongezwa, na Kunguru wakanenepa. Wa pili akasema walinzi waongezwe. Wakaongezwa, na kila mlinzi naye akaja na tumbo lake. Wa tatu akasema wakuu wote wale kiapo cha uadilifu. Basi Kunguru wakajipanga mbele ya kiti cha enzi, wakainua bawa la kulia, wakaapa kwa sauti moja kwamba hawatagusa punje ya kinda yeyote. Kisha ikaandaliwa karamu kubwa ya kuwapongeza, na mtama uliopikwa siku ile ulikuwa wa makinda.

Katika bonde moja la mbali alikuwako mwalimu aitwaye Shore, ndege mdogo asiye na ukoo wa kujivunia. Siku moja Kunguru alimtulia kikapu kikubwa. Shore alipokitikisa, punje zikacheza chini kabisa kwa sauti kavu, akazipima, zikawa vibaba viwili.

"Tia sahihi, Mwalimu," Kunguru akamwambia. "Andika umepokea kikapu kizima."

Shore akaandika: vibaba viwili.

"Mwalimu wangu, usijifanye hujui dunia. Ukiandika hivyo, mwezi ujao hata hivi hutaviona."

"Mheshimiwa," Shore akajibu, "kazi yangu ni kuwafundisha makinda hawa kuhesabu. Siwezi kuhesabu kweli asubuhi nikahesabu uongo jioni."

Mwezi uliofuata hakuletewa kitu, na walimu wenzake wakamwita mjinga. Akalifungua daftari lake, akaandika: hakuna kilichofika.

Hatimaye mfalme akamtuma Korongo mwenye kishungi cha dhahabu apite katika shule 250, asiulize kilichotoka ghalani, ila kilichoonekana shuleni. Alitembea kwa subira, akapekua madaftari, na pale alipolikuta daftari la Shore alikaa nalo mpaka usiku. Alipomaliza kujumlisha, hesabu ikawa hii: katika kila vikapu 100, vilivyofika vilikuwa 13. Shule nyingi hazikupata hata kimoja, na zilizopata zilikuwa hasa zile ambazo wazazi wake walikuwa na uwezo na sauti ya kudai.

Baraza likahamaki, wengine wakataka Kunguru wote wafukuzwe siku ileile. Korongo akasema: "Walioiba waadhibiwe, ee Mfalme. Lakini ukiwafukuza wote bila kumfumbua macho mwenye mali, utaleta Kunguru wengine. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari tulilo nalo linasomwa na sisi peke yetu."

Tangu hapo Kasuku akawa anatangaza kila mwezi, bonde kwa bonde, vikapu vilivyotoka, na hesabu ileile ikabandikwa kwenye mlango wa kila shule. Mama Njiwa, ambaye hakuwahi kumkabili mkuu yeyote maishani, akaisoma hesabu, akakitazama kikapu, akasema: "Bwana mkubwa, hapa pameandikwa vikapu sita. Hiki ni kimoja. Vile vitano tuvifuate wapi?" Kunguru akalalamikia ubovu wa njia, lakini nyuma ya Njiwa walikuwa wametua Chiriku, Kwera na Tetere, na wote walikuwa wamesoma. Vikapu vitano vililetwa kabla jua halijazama. Baada ya miaka michache, katika kila vikapu 100 vilivyotoka, vilivyofika vilikuwa zaidi ya 80.

Hata hivyo, yalikuwako mabonde ambako sauti ya Kasuku haikufika, na mengine ambako tangazo lilibandikwa na Kunguru wakaendelea kula chini yake, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba linamhusu. Shore akawatuma huko wanafunzi wake wakubwa, wakawa wanakaa na wazee jioni, wakiwafundisha mambo matatu: kipi ni chao, nani amekishika, na wasipokipata wamuulize nani. Kunguru wakaja na hila mpya, wakasema: "Chukueni nusu, nusu mtuachie, tule sote kwa amani." Wako wazazi waliokubali, mpaka makinda wao wenyewe walipowauliza ile nusu waliyoiachia ilikuwa ya nani.

Ndiyo maana katika dola ile somo la kuhesabu kilicho chako na kukikataa kisicho chako hufundishwa mapema, kabla kinda hajaota manyoya ya kurukia. Kwani ni katika makinda hao hao watakamopatikana mtunza ghala, mlinzi na mkuu wa bonde wa kesho.