Utingo Asiyeshuka Garini



Mjomba, huku Hamburg mvua imekataa kwenda kwao. Kila ukipiga simu unaniuliza udereva wa Ulaya ukoje, nami najibu "mzuri" kwa uvivu. Leo nakueleza. Huku dereva hayuko peke yake. Ndani ya gari kuna utingo: halipwi, hali, hashuki kuweka jiwe kwenye tairi, ila anasema tangu mnaondoka hadi mnafika.

Wala si mapenzi ya bosi wangu. Ni sheria ya Umoja wa Ulaya: tangu tarehe 7 Julai 2024, gari jipya halisajiliwi bila mitambo ya kumwonya dereva akizidisha mwendo au akisinzia, ya kumrudisha akivuka mstari, na ya kufunga breki yeye akichelewa.

Tuanze na mwendo. Wewe unazijua tochi za trafiki kati ya Segera na Mombo, na dereva mwenzako akikuwashia taa unajua la kufanya. Huku tochi iko humo humo ndani ya gari, sasa nani akuwashie taa? Kamera iliyo nyuma ya kioo cha mbele inasoma vibao, ukizidi kidogo tu: pii, pii, pii. Kuizima unaruhusiwa, lakini ukiliwasha gari upya nayo imefufuka, maana sheria ndivyo inavyotaka. Tena inasoma bila kufikiri. Mabasi ya huku yaliyoruhusiwa kwenda kilomita 100 kwa saa hubandikwa nyuma duara lenye namba 100. Juzi niko nyuma ya basi la namna hiyo, mtaa wa shule, mwisho 30, na gari langu linanionyesha kwa raha zake kwamba ruksa 100. Huyo ndiye anayenifundisha sheria za barabarani!

Halafu Jumamosi nikapita duka la Waafrika, nikachukua mfuko wa mchele wa kilo 20, nikauweka kiti cha mbele. Kumbe chini ya kiti kuna kipimo kinachohisi uzito. Sijafika hata kona ya kwanza, gari likaanza kelele: abiria hajafunga mkanda. Nikajifanya sisikii, kelele ikazidi. Mwisho nikasimama pembeni, nikaufunga mchele mkanda, nikaukaza vizuri kiunoni. Mzee mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa alisimama kunitazama, nikajua hapa nachekwa. Wapi! Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaendelea na safari yake. Wajerumani kwenye mkanda hawana utani.

Usingizi nao una mambo yake. Gari linafuatilia unavyoushika usukani. Ukianza kulegea kisha kuukata ghafla, linakuchorea kikombe cha kahawa kwenye dashibodi. Linachora tu, Mjomba. Utingo wako angalau alikuwa anakumenyea chungwa la Muheza.

Na ukivuka mstari bila kuwasha indiketa, usukani unakuvuta urudi. Niliwaza habari hiyo kwenye njia ya shambani kwako: unakwepa shimo, lenyewe linakurudisha shimoni. Bahati nzuri pale hakuna mstari, na bila mstari mtambo huo mara nyingi hunyamaza.

Breki ya dharura ndiyo pekee nisiyoifanyia mzaha. Rada na kamera zikiona mtu mbele, zikapiga hesabu kwamba hutawahi, gari linafunga lenyewe. Kwa baiskeli za mji huu, hiyo nimeshaiombea dua.

Sasa kuhusu hilo gari la Japani uliloliona mtandaoni. Angalia mwaka wa kutengenezwa. Toyota walianza kuvisambaza vitu hivi kwenye magari ya kawaida mwaka 2015, kwa hiyo huenda utingo huyu anakuja Tanga hata kabla mimi sijarudi. Likifika, ile stika ya Nenda kwa Usalama usiibandike juu katikati ya kioo, utaifumba kamera jicho. Fundi asikufungie ngao ya chuma mbele ya rada, ambayo mara nyingi hukaa nyuma ya nembo au kwenye bampa. Na kioo cha mbele kikipasuka, usikubali kuwekewa kipya na kuambiwa "tayari, bosi." Kamera lazima ipimwe upya kwa mashine, la sivyo itaona barabara ilipo korongo.

Jambo la mwisho, hili umweleze mkaza mjomba mapema kabla hajapanda. Ukiwasha gari asubuhi, huenda akasikia sauti laini ya mwanamke inakusemesha Kijapani. Mwambie ni mashine inadai kadi ya kulipia barabara za huko Japani. Asipoamini, anipigie mimi.