Jinsi ya Kushindwa Vizuri Mbele ya Kidato cha Pili

Kwako mtafiti uliyeambiwa na mkuu wa idara kwamba Ijumaa maabara yenu inakwenda shuleni kuelimisha jamii: tulia. Kazi hii ina njia za mkato, na njoo karibu nikupe zile zinazofaa. Nyingi ni za kushindwa, moja ni ya kudanganya, na zote zinafanya kazi.

1. Acha mashine chuoni

Najua unatamani kuibeba ile yenye taa za buluu, ili wakuone umetoka mbali. Iache. Itatikisika njiani, umeme utakatika, na kipindi kizima kitaishia kwenye kuomba radhi. Nenda sokoni. Nunua choya kavu, ndimu, na magadi yale ya kulainishia maharage. Loweka choya kwenye maji ya moto, uchuje, ugawe kwenye glasi tatu. Kamulia ndimu moja: wekundu unazidi kuwaka. Tia magadi nyingine: rangi inageuka kuelekea kijani. Ya tatu ibaki ilivyo, wapate cha kulinganisha nacho. Umeshafundisha asidi na besi, na jioni mtoto atarudia jaribio hilo hilo jikoni kwao. Mashine yako asingeweza kuirudia.

2. Danganya, kisha sema

Watu wanapenda kuona DNA kwa macho, kwa hiyo waonyeshe. Ponda ndizi mbivu, changanya na maji ya chumvi na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, chuja kwa kitambaa. Mimina juu yake, polepole na mbali na moto, spiriti iliyolala kwenye barafu. Sabuni imekwisha kupasua utando wa mafuta wa seli. DNA haiyeyuki kwenye spiriti, basi inajikusanya kama nyuzi nyeupe pale vimiminika viwili vinapokutana.

Au haijikusanyi. Spiriti imepata joto garini, au mkono umetetemeka ukamimina kwa pupa. Kwa siku hiyo uwe na chupa ya pili mfukoni, uliyoitayarisha asubuhi, kama mpishi wa televisheni anayetoa keki iliyoiva dakika mbili baada ya kukoroga unga. Itoe bila aibu, useme wazi kwamba ni ya asubuhi. Halafu weka chupa mbili pamoja, iliyokubali na iliyokataa, uwaulize tofauti ilitokea wapi. Nimeona darasa lililosinzia wakati wa jaribio lililofaulu likigombania kunyoosha mkono kwa lile lililoharibika.

3. Mpe mgeni rasmi kazi

Mgeni rasmi anataka kupigwa picha. Ni haki yake. Hata wewe unataka. Mkabidhi ndimu akamue. Picha itapatikana, hotuba itafupika.

4. Sema hujui

Kuna swali litakalokushinda. Lisubiri kwa hamu. Kwa kawaida huja mwishoni, kutoka kwa mtoto aliyekaa nyuma, na wenzake humcheka. Sote tunapenda kuonekana tunajua, kwa hiyo ulimi utakuwasha. Uzuie. Sema, “Sijui.” Kisha uliza, “Wewe umeshajaribu?”

Mbinu hii ni ya wizi, na niliyemwibia ni Denis Osborne, aliyefundisha fizikia Dar es Salaam miaka ya 1960, chuo kikuu kikiwa bado kichanga. Alialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule ya Mkwawa, Iringa. Akasimama kijana, Erasto Mpemba. Akasema: chukua vyombo viwili vyenye maji kiasi sawa, kimoja cha nyuzi 35 na kingine cha nyuzi 100, uviweke kwenye friji, kile cha nyuzi 100 huganda kwanza. Kwa nini?

Jambo hilo aliliona mwaka 1963 akiwa Shule ya Sekondari Magamba, walipokuwa wakitengeneza aiskrimu. Nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombania, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake. Mwalimu wake alimwambia amechanganya mambo. Mbele ya Osborne wenzake walimcheka tena. Mgeni hakucheka. Alimwuliza kama kweli amejaribu, akaahidi kwenda kujaribu mwenyewe, na alipofika Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara apime. Vipimo vikamuunga mkono Mpemba. Mwaka 1969 makala yao ya pamoja ikatoka kwenye jarida la Physics Education, na hadi leo dunia inalijua jambo hilo kwa jina la mwanafunzi.

Ubishi wake haujaisha. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walichapisha vipimo vyao wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha. Safi kabisa! Zaidi ya nusu karne ya kazi imetoka kwenye ziara moja ya shule, kwa sababu mgeni alikubali kutokuwa na jibu. Sijui maonyesho ya moshi na milipuko yaliyowahi kuzaa hivyo.

5. Piga simu

Hapa hakuna mkato. Andika swali lililokushinda kwenye daftari, pamoja na jina la aliyeuliza na mkondo wake, kabla hujapanda gari. Lijaribu kabla ya kuandika ripoti ya ziara; ripoti itakuuliza walikuwa wanafunzi wangapi, na idadi haiozi. Wiki ijayo mpigie mwalimu wa fizikia wakati wa kipindi, umwombe aweke simu kwenye spika, umtaje mtoto yule kwa jina darasa lote lisikie. Mweleze ulichopima na ulichopata. Kama jaribio limekushinda, mwambie limekwama wapi, na umuulize yeye angeanzia wapi.