Mkaguzi Aje Maji Yakipwa

Kwanza mwangalie miguuni. Mkaguzi wa hewa ya ukaa anayetoka kwenye mikoko na viatu safi hajakagua kitu. Mwambie arudi maji yakipwa, akunje suruali, aingie matopeni.

Naifikiria Gazi, kule Kwale, pwani ya Kenya. Watu wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, chini ya kanuni za Plan Vivo, mfumo wa kuthibitisha miradi ya kaboni. Huuza hati za takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka, na fedha hizo zimewaletea maji na vitabu vya shule. Ndiyo maana tani ya uongo, popote iandikwapo, inanikera: mnunuzi hawezi kuionja wala kuipima kwenye mizani, na akishatapeliwa mara moja atawakimbia hata hawa wakweli.

Sasa mpe utepe. Mti wa kawaida hupimwa usawa wa kifua, mita 1.3 toka ardhini. Lakini mkoko uliojiinua juu ya mizizi yake, kama mtu aliyebebwa mabegani, shina lake hupimwa juu ya mzizi wa juu kabisa. Akizungushia utepe mizizi, mnyang'anye. Mkumbushe pia kwamba kaboni nyingi imelala humo matopeni anamokanyaga.

Kisha mpeleke kwa fundi nyumba, amuulize: boriti unazitoa wapi siku hizi? Zikitoka ghuba ya jirani, shoka limehama tu. Gazi walilijua hilo mapema, wakapanda mivinje ili watu wasikose miti ya kujengea na kuni.

Swali gumu kuliko yote ni hili: bila mradi, msitu ungekatwa kiasi gani? Ukataji wa kudhania hauachi kisiki cha kuhesabu, na ukitiwa chumvi, tani za kuuza huongezeka. Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha utafiti uliolinganisha miradi 26 ya kaboni ya misitu, katika nchi sita, na maeneo yanayofanana nayo. Mingi haikuwa imepunguza ukataji kwa kiasi cha maana.

Basi muulize mkaguzi pia nani anamlipa. Mara nyingi mwenye mradi ndiye humchagua na kumlipa. Kwa hiyo, kabla hajawasha gari, asome namba zake kwa sauti barazani, na waliopanda miche wakae mbele.