Sifa za Orodha Isiyosogea

Katika bandari ndogo za Massachusetts, jimbo la Marekani lililo kwenye pwani ya Atlantiki, hakuna hati inayolaaniwa kuliko orodha ya wanaongojea boya, na hakuna inayostahili heshima zaidi. Boya linalosemwa hapa si lile linaloionyesha meli njia, bali ni tufe la plastiki linaloelea juu ya mnyororo uliofungwa kwenye kitu kizito kilichozama, ambapo mwenye mashua ya matanga hufunga chombo chake kuanzia takriban Mei hadi Oktoba, kabla baridi haijamlazimisha kukipandisha nchi kavu. Mahali hapo pa msimu hupatikana kwa kibali cha mwaka mmoja kinachotolewa na msimamizi wa bandari wa mji husika, na kwa kuwa maji yana mipaka ilhali hamu ya watu ya kumiliki mashua haina, wasio na kibali huandikwa kwenye orodha, na katika miji mingi hulipa ada ndogo kila mwaka ili majina yao yasifutwe. Baada ya hapo hukaa. Katika bandari zenye msongamano mkubwa kukaa huko hupita miaka 10, hivi kwamba mtu aliyejiandikisha mwanawe akiwa chekechea anaweza kufikiwa wakati mtoto huyo ana ndevu.

Walalamikaji hawaoni adili iliyomo. Orodha hiyo haimjui mtu: mwenye benki na fundi bomba hupangwa kwa tarehe waliyojiandikisha, na yeyote anayetaka kujua amesimama nyuma ya nani anaweza kuomba aonyeshwe. Kibali nacho hakiuzwi pamoja na mashua. Chombo kikibadilisha mikono, mahali pake majini hurudi kwa mji, isipokuwa jamaa wa karibu wa mwenye kibali anaweza kukichukua kwa idhini ya msimamizi. Yaani boya hurithiwa kama kiti cha enzi, jambo ambalo wenyeji wa pwani ileile iliyomwaga chai baharini mwaka 1773 kwa kupinga kodi ya Uingereza hawapendi kulizungumza kwa sauti.

Utukufu wa orodha, hata hivyo, hauonekani vizuri mpaka ipigwe hesabu. Mgeni anayesimama gatini asubuhi akaona maji matupu kati ya mashua na mashua hudhani kuwa watu wananyimwa nafasi kwa roho mbaya, kwa kuwa hajui kwamba mashua iliyofungwa kwenye boya haikai mahali pamoja bali huzunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Ikichukuliwa bandari yenye kina cha mita 6 maji yakijaa na mita 3 yakipwa, tofauti iliyo ya kawaida katika pwani ya Boston, mashua ya mita 9 iliyofungwa kwa mnyororo na kamba zenye jumla ya mita 16 itachora kwa tezi yake, wakati wa maji kupwa, duara lenye nusu kipenyo cha karibu mita 25. Duara hilo lina eneo la takriban mita za mraba 2,000, ambalo linazidi robo ya uwanja wa mpira wa miguu, na lote ni kwa ajili ya chombo kimoja ambacho mwenyewe, kwa siku nyingi za wiki, yuko ofisini.

Maduara ya majirani huruhusiwa kuingiliana iwapo vyombo vitageuka kwa pamoja, lakini mashua nazo zina tabia zake: ile yenye mkuku mzito uliozama sana hufuata mkondo, na ile nyepesi hufuata upepo, kwa hiyo siku upepo na mkondo vinapopingana, vyombo vilivyolala vimetengana huamka vikigongana. Ndiyo sababu msimamizi hupanga vyombo kwa urefu na kwa aina, na mahali palipoachwa na mashua ya mita 7 hapawezi kupewa mwenye mashua ya mita 12, hata kama amengoja tangu enzi za kaseti. Mtu wa namba 3 hubaki na mashua yake ndefu akimtazama mtu wa namba 40 akipita na kijimashua chake. Ni vigumu kuitaja taasisi nyingine, ukiacha msongamano wa magari, inayomfunza mwenye mali unyenyekevu kwa gharama ndogo namna hiyo.

Chini ya duara hulala mhusika ambaye hakuna anayemkumbuka, nayo ni nanga ya uyoga, bakuli la chuma lenye mpini uliochomoza katikati, mfano wa uyoga uliogeuzwa juu chini. Nanga hiyo ilibuniwa na Robert Stevenson, mhandisi wa minara ya taa wa Uskoti, kwa ajili ya chombo Pharos kilichokaa karibu na mwamba wa Bell Rock kati ya 1807 na 1810 kikiwa na taa ya muda, mnara ukijengwa. Iliyotumika huko ilikuwa na uzito wa tani 1.5. (Mjukuu wake, Robert Louis Stevenson, ndiye aliyetunga hadithi ambayo wasomaji wa Kiswahili waliijua kwa jina la Kisiwa chenye Hazina, ila familia nzima iliishi kwa chuma na mawe kabla haijaishi kwa wino.) Siku ya kwanza nanga ya uyoga haina maana yoyote, kwani hulala ubavu juu ya tope na inaweza kuburutwa. Ikiachwa, ukingo wa bakuli huchimba polepole, tope huifunika na kuifyonza, na baada ya miezi mingi hushika kwa nguvu inayouzidi uzito wake mara kadhaa. Kwenye mwamba haifai, ndiyo maana huko Maine, jimbo lililo kaskazini zaidi ya Massachusetts, hutumika mapande makubwa ya granaiti, ambayo hupoteza zaidi ya theluthi ya uzito yakiingia majini. Penye tope, nanga hushika kwa sababu imekaa bila kufanya lolote, na anayeiona kazi hiyo kuwa ni heshima hana haki ya kumcheka mtu wa namba 87 kwenye orodha, ambaye anafanya kazi hiyohiyo nchi kavu.

Tena anaifanya kwa usalama zaidi. Tarehe 19 Agosti 1991 Kimbunga Bob kilipopiga kusini mwa New England, eneo lenye majimbo hayo mawili, mashua nyingi katika ghuba ya Buzzards Bay zilikatika kamba au zikaburuta nanga zao, zikarundikana ufukweni mlingoti juu ya mlingoti. Wenye maboya walipoteza vyombo. Wenye namba, ambao mashua zao zilikuwa juu ya trela nyuma ya nyumba chini ya turubai, walipoteza usingizi wa usiku mmoja. Mashua ya anayengoja haioti magamba chini, haichubuki kamba omoni, wala haihitaji mzamiaji wa kukagua minyororo iliyolika. Hata nyasi za baharini zinamdai shukrani, kwa sababu mnyororo wa kila boya husugua chini na kuacha kipara cha mviringo ambamo samaki wadogo hawana pa kujificha, na boya ambalo halijatolewa ndilo pekee lisilofanya kipara.

Pwani ya Waswahili nayo ilijua kungoja, ila haikuhitaji karatasi. Majahazi yaliyofika Mombasa na Zanzibar kwa kaskazi kutoka Omani na Ghuba yalikaa mpaka kusi ishike, kisha yakang'oa nanga kwa pamoja, na nafasi zikabaki wazi bila mtu kuomba. Upepo ndio uliokuwa msimamizi wa bandari, na haukutoza ada.

Huko Massachusetts kazi ya kuwaondoa wote hufanywa na barafu. Kabla ya Desemba maboya huondolewa majini, na kwenye mnyororo wa kila moja hufungwa kijiti cha baridi, yaani mti mwembamba ulioongezwa uzito upande mmoja ili usimame wima, ncha yake ikiwa juu kidogo ya maji, na barafu inapokuja huuinamisha na kuupita bila kukokota kitu. Januari bandari nzima huwa ni vijiti vilivyolalia upande mmoja, shakwe wamesimama juu yake, na hakuna anayeweza kutofautisha mahali pa tajiri na pa maskini. Wakati huo fomu ya kubaki kwenye orodha huwa mezani jikoni. Mtu wa namba 87 huijaza, huambatisha hundi, na kugundua kwamba jirani mmoja amehamia Florida: sasa yeye ni wa 86.