Mhadhara wa Bingwa wa Nafsi

Mabibi na mabwana, wageni waalikwa, na ninyi mlioingia kukwepa mvua: karibuni. Nitajitambulisha mwenyewe, maana hapa hakuna mwingine mwenye sifa za kunitambulisha. Mimi ni Bingwa wa Mazungumzo na Nafsi. Cheo hiki nilitunukiwa na kamati teule iliyoketi kichwani mwangu na kulipitisha jina langu kwa kauli moja. Aliyepinga alitolewa nje.

Fani hii ina wazee wake, nami nawaheshimu kwa kiasi. Socrates wa Athens alikuwa na sauti ya ndani tangu utotoni. Lakini Plato, mwanafunzi wake, anatueleza kwamba kazi ya sauti hiyo ilikuwa kukataza tu. Haikumhimiza kutenda jambo hata siku moja. Sauti gani hiyo? Yangu ina adabu. Nikisema, inaitikia, "Hewala, bwana!" Socrates alinyweshwa sumu mwaka 399 kabla ya Kristo, mimi, kama mnavyoona, nina kitambi.

Marcus Aurelius, kaisari wa Roma, naye alijiandikia kwa Kigiriki katika miaka ya vita kandokando ya mto Danube, akijikaripia kwa hasira, kwa uzito wa kuamka asubuhi, kwa kupenda sifa. Hebu fikirini! Mtu ana dola nzima ya kumsifu, anatafuta kalamu ajisute. Wala hakuwa na nia ya kuuza nakala. Kitabu changu kiko pale mlangoni, na chenji ipo.

Msomi wa Kisovieti Lev Vygotsky, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1934 akiwa ameshafariki, alifundisha kwamba mtoto hujisemesha kwa sauti, hasa kazi ikimshinda, na akikua maneno hayo huzama ndani. Yaani sauti tunayoiita yetu ilianzia kwa mama, shangazi na majirani wakali. Sura hiyo niliiruka.

Sasa vitendo. Usiku jiulize: "Leo nilikosea?" Jibu lisipopendeza, uliza upya, kama wakili anayemwongoza shahidi wake. Juzi nilijiuliza kwa nini shemeji yenu amerudi kwao na masanduku yote. Mjadala ulikuwa mkali, ukafungwa saa nane usiku kwa azimio kwamba yeye ndiye hajijui.

Kuna kijisauti kimoja, kule nyuma kabisa, kilinyoosha mkono kikitaka kuchangia. Nilikiambia kilete hoja yake kwa maandishi, nakala tatu.